White City, uwanja wa mbio za mbwa London

Kaka umeuliza kwa nini Uruguay na Ufaransa hawakucheza Wembley Kombe la Dunia 1966, ni kwa sababu ya mbwa, ilikuwa Ijumaa na Wembley siku hiyo kuna mbio, mwenye uwanja akagoma kuahirisha, basi mechi ikapelekwa White City, Uruguay wakashinda 2-1. Na White City penyewe palijengwa kwa Olimpiki 1908, mbwa wakaanza kukimbiza sungura wa bandia pale 1927. Mbwa wa mbio Mick the Miller alichukua Derby, shindano kubwa la mbio za mbwa Uingereza, hapohapo 1929 na 1930, mbwa alipendwa yule! Inauma sana wameubomoa 1985, BBC wakajenga, umebaki mstari chini kuonyesha mbio za 1908 ziliishia wapi.