Usimpake rangi Snake Eyes wako

Ndugu, umesema mjomba wako aliyeko Marekani amekuachia Snake Eyes, komando wa plastiki wa kuchezea wa mfululizo wa G.I. Joe, kiuno kimelegea, na unataka kumtia gundi kisha umpake rangi. Tafadhali usifanye lolote kati ya hayo.

Weusi ule si rangi iliyobanduka. Mwaka 1982 Hasbro, kampuni iliyomtengeneza, walimtoa katika plastiki nyeusi tupu, bila rangi hata tone, ili kubana matumizi. Ndiyo maana komando huyu aliyefichwa uso na jina akawa wa kipekee. Baadaye hadithi zikaeleza kwamba ajali ya helikopta ilimharibu uso na kumnyima sauti. Ukimpaka rangi, umemfuta.

Kiuno ni jambo dogo. Ndani ya kiwiliwili kuna oringi, mpira unaoshikilia miguu, na mpira huzeeka. Fungua skrubu ya mgongoni kwa bisibisi inayoenea sawasawa, taratibu, maana kichwa cha skrubu kikilika utapata taabu kweli. Weka oringi mpya ya ukubwa uleule, funga bila kukaza mno. Gundi ingegandisha viungo milele.

Kuhusu mwaka aliotengenezwa, shika mkono wake juu kidogo ya kiwiko. Mkono ukizunguka, ni toleo la 1983 au la baadaye. La 1982 hukunja kiwiko tu.

Na bunduki yake usiisukumize kiganjani kwa nguvu. Vidole gumba vya sanamu hizi huvunjika upesi mno, na kidole kilichovunjika hushusha thamani kuliko mikwaruzo yote ya mwilini.