Jina la Chini Si la Mchoraji

Wadogo zangu mnaoanza kusaka wachoraji wa mabango ya zamani ya safari, anzeni na aibu yangu. Nililetewa dukani, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, bango la jahazi na minazi, limekunjwa mara nne, lanuka uvundo. Chini kabisa palikuwa na jina la herufi ndogo kama mchwa. Nikafurahi, nikalinakili kwenye lebo: mchoraji ni huyu. Mzee mmoja akasoma, akacheka polepole. "Mwanangu, huyu mchapaji."

Basi mkiona McCorquodale au Waterlow pale chini, hao ni wachapaji wa Uingereza. Mchoraji, kama alitia alama, mara nyingi hujificha ndani ya picha: herufi mbili ubavuni mwa jahazi au kivulini mwa mnazi. Ligeuzeni bango kichwa chini. Jicho likiacha kuona mnazi, herufi hujitokeza.

Kabla ya mtu, tafuteni mwaka. Someni aliyeagiza bango. East African Railways and Harbours ilianza 1948. Kabla yake reli ya Kenya na Uganda ilikuwa mbali, na ya Tanganyika mbali. East African Airways iliruka kuanzia 1946 hadi ilipokufa 1977. Na zile pembe kubwa za ndovu za Barabara ya Moi, hapa Mombasa, zikionekana pichani, bango haliwezi kuwa la kabla ya 1952.

Halafu kuna taa ya zambarau, ile ile wenye maduka wanayokagulia noti. Ingieni chumba cha giza, mulikeni karatasi. Ikiwaka buluu-nyeupe, ina dawa ya kung'arisha iliyoenea viwandani kuanzia miaka ya 1950. Bango linalojiita la 1930 likiwaka hivyo, ni chapa mpya. Ila kama limebandikwa kwenye kitambaa, mulikeni upande wa picha, maana kitambaa nacho huwaka.

Fundi wa fremu msimwachie peke yake. Mmoja alinikatia ukingo wa chini "likae vizuri kwenye kioo", na mstari wote wa mchapaji ukaenda na takataka. Sikulala.

Mkishapata herufi na mwaka, linganisheni na mabango mengine ya mwagizaji yule yule, yale ambayo mchoraji alitia sahihi. Mawingu kufanana hakutoshi; wachoraji wa enzi ile waliigana sana.

Lile la jahazi lingali ukutani. Lebo yake sasa: "Mchoraji hajulikani. 1948 au baadaye." Mzee bado hupita, huisoma, hanicheki tena.