Wasomaji Wauliza: Kulipenda Jina na Kuusikia Muziki

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekuwa msikilizaji wa muziki wa metali kwa miaka kumi na miwili, na katika bendi zote, Metallica ndiyo iliyoniteka. Nina fulana zao saba na albamu zao zote za studio, na mabishano niliyoyaingia kwa ajili yao sina hesabu yake. Sisi ni marafiki watano ambao hukutana kila Jumamosi kusikiliza santuri. Mwezi uliopita nilitamka kwamba albamu ya Load, ya mwaka 1996, ina nyimbo nzuri kuliko watu wanavyotaka kukubali. Mmoja akanijibu kwamba shabiki wa kweli hawezi kusema maneno hayo, kwa kuwa Metallica halisi iliishia mwaka 1988. Mwingine, ambaye hajawahi kuvaa fulana ya bendi yoyote, akasema kwamba naitetea Load kwa sababu ni ya Metallica tu, na kwamba ingalikuwa ya bendi nyingine nisingeisikiliza hadi mwisho. Wote wawili walinikera, lakini huyu wa pili ameninyima usingizi. Nitajuaje kama naupenda muziki au nalipenda jina? – Mwenye Fulana Nyeusi, Nairobi.

JIBU: Ndugu yangu, rafiki yako wa kwanza tusimpotezee muda mwingi. Mpaka anaouchora kwenye mwaka 1988, ilipotoka albamu ya …And Justice for All, wenzake wa zamani waliwahi kuuchora kwingine. Mwaka 1984, katika albamu ya pili ya bendi hiyo, ulitokea wimbo wa Fade to Black unaoanza kwa gitaa kavu na kwenda polepole, na palepale wakajitokeza watu waliosema kwamba Metallica wamejiuza. Kwa hesabu yao, bendi ilikufa ikiwa na albamu moja tu. Ghadhabu ya mwaka 1996 nayo, kwa sehemu kubwa, ilihusu nywele zilizokatwa, picha za wanamuziki waliojipaka wanja, na nembo iliyobadilishwa. Mambo hayo yote yanaonekana kwa macho, na hakuna hata moja linalosikika kwenye spika.

Huyu wa pili ndiye aliyekugusa mahali penyewe, na nadhani ndiyo maana hulali. Swali lake lina jibu, ila jibu hilo utalipata kwa masikio yako mwenyewe, nawe uwe tayari kushindwa. Load ina urefu wa karibu dakika 79, kiasi kwamba wimbo wa mwisho, The Outlaw Torn, ulipunguzwa kwa takriban dakika moja ili albamu itoshe kwenye diski. Shabiki husimulia habari hiyo kwa fahari kama anayeonyesha kitambulisho. Msikilizaji huuliza kwa nini ukatwe wimbo huo, ilhali mbele yake kuna nyimbo ambazo hakuna ambaye angezililia zingeachwa zote. Je, wewe unaweza kuniambia ni nyimbo zipi katika Load unazoziruka, na sababu yake? Ukiweza, rafiki yako amekuonea. Ukijikuta unatafuta visingizio vya kila wimbo, basi amekupata.

Kwa maoni yangu, albamu hiyo ingepunguzwa nusu ingekuwa nzuri sana. Bleeding Me na The Outlaw Torn zina nafasi ya kupumua, gitaa haliharakishi, na besi ya Jason Newsted inasikika ikitembea chini ya kila kitu. Ilinganishe na hiyo albamu ya mwaka 1988 ambayo rafiki yako wa kwanza anaiona kuwa kilele. Newsted alikuwa ameingia mahali pa Cliff Burton, aliyefariki katika ajali ya basi nchini Sweden mwezi Septemba 1986, na katika albamu yake ya kwanza kamili na wenzake, besi yake ilizimwa kiasi kwamba ni kama hakuwapo. Mtu anayesema kwamba Metallica halisi ndiyo hiyo anapaswa angalau kukiri kwamba ameichagua albamu ambayo mmoja wa wanamuziki wake wanne hasikiki.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba ushabiki na usikivu ni maji na mafuta. Walioinung'unikia besi hiyo kwa miaka mingi, wengine wakafikia kutengeneza nakala zao wenyewe zenye besi iliyoongezwa, walikuwa mashabiki lialia. Mtu asiyeijali bendi asingejisumbua. Jambo kama hilo lilitokea tena mwezi Septemba 2008, ilipotoka albamu ya Death Magnetic. Nyimbo zake zilikuwa zinapatikana pia katika mchezo wa video wa Guitar Hero, na watu waliosikiliza pande zote mbili wakagundua kwamba sauti ya mchezoni ilikuwa safi kuliko ya diski waliyoinunua. Sauti ya diski ilikuwa imesukumwa juu kupita kiasi ili albamu nzima ivume kwa nguvu, hata vilele vya mawimbi yake vikakatwa, ngoma zikawa zinakwaruza, na tofauti kati ya sehemu ya upole na sehemu ya kishindo ikapotea. Maelfu wakatia saini ombi la kutaka albamu ichanganywe upya. Hao walikuwa ni wapenzi wa Metallica, na mapenzi yao ndiyo yaliyowafanya wasikie kasoro ambayo msikilizaji wa kupita asingeijali.

Nami sijitoi katika lawama. Albamu ya St. Anger ilipotoka mwaka 2003, ikiwa haina hata kipande kimoja cha gitaa la kuongoza, na ile ngoma ndogo inalia kama sufuria iliyogongwa kwa mwiko, niliitetea kwa takriban miaka miwili. Nilisema kwamba ni ujasiri, nikasema kwamba wasioipenda hawajaielewa. Siku moja niliigundua sababu ya kweli, nayo ilikuwa ya aibu: katika muda wote huo sikuwa nimewahi kuiweka albamu ile nikiwa peke yangu. Niliisikiliza mbele za watu tu, kwa ajili ya ubishi.

Wasomaji wetu wa Dar es Salaam wanaujua ugonjwa huu bila kuhitaji gitaa la umeme. Muhidini Gurumo alipoiacha bendi ya chama cha wafanyakazi na kwenda kuanzisha Mlimani Park mwaka 1978, sauti yake ilikuwa ileile. Hata hivyo, ushindani wa Msondo, yaani bendi aliyoiacha, na Sikinde, yaani Mlimani Park, ulikuja kuwa mkali kiasi kwamba kwa baadhi ya watu lilikuwa kosa kukiri kwamba upande wa pili umetoa wimbo mzuri.

Basi fanya jaribio moja. Dave Mustaine alifukuzwa Metallica mwezi Aprili 1983, kabla bendi haijarekodi albamu yake ya kwanza, akaenda kuanzisha Megadeth. Jina lake limo miongoni mwa watunzi wa nyimbo nne za albamu hiyo ya kwanza na mbili za albamu ya pili, kwa hiyo tayari unaupenda muziki wake, hata kama fulana zako hazisemi hivyo. Chukua Rust in Peace ya Megadeth, ya mwaka 1990, uisikilize mwanzo hadi mwisho ukiwa peke yako, kisha umwandikie rafiki yako asiyevaa fulana, umtajie ni wapi imeizidi Load na ni wapi imezidiwa. Kalamu yako ikigoma kuandika kwamba imeizidi popote, utakuwa umepata jibu la swali lako, wala hutalipenda.

SWALI: Mimi ni Mkenya, nasikiliza metali ya Ulaya na Marekani. Kila mgeni ninayemweleza hilo huniuliza kuhusu bendi yetu ya Duma, na hushangaa nikisema kwamba sijaipenda. Nimeirudia albamu yao mara tatu nikaona ni makelele. Je, naisaliti nchi? – Msomaji, Nakuru.

JIBU: Huisaliti. Kwamba bendi ni ya nyumbani ni sababu nzuri sana ya kuifungulia spika, lakini haitoshi kuwa hukumu. Hata hivyo, nashuku kwamba mara zote tatu ulikuwa unasubiri kitu ambacho hakikukusudiwa kuwapo. Martin Khanja na Sam Karugu walipoitoa albamu hiyo mwaka 2020, kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, waliuchukua ukali na mayowe ya metali wakaviweka juu ya ngoma za mashine na mivumo ya kielektroniki, kwa hiyo anayengoja kipande cha gitaa kinachoimbika atangoja sana. Irudie mara ya nne ukifuata ngoma peke yake, na mayowe uyachukue kama chombo kimojawapo. Usipoipenda bado, waambie hao wageni hivyo bila kuomba radhi, na utaje sababu. Khanja, ambaye sasa hutumia jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake binafsi, The Adept, mwaka 2024. Pengine hiyo itakufaa zaidi.

SWALI: Mwanangu Mhariri, mimi ni mpenzi wa taarabu tangu usichana wangu. Mjukuu wangu husikiliza hizo bendi za gitaa zito, na ananiambia kwamba siwezi kuufurahia muziki huo kwa kuwa siijui historia yake. Ni kweli? – Bibi wa Tanga.

JIBU: Shikamoo, Bibi. Si kweli, ingawa ipo historia moja inayosikika hata kwa asiyeisoma. Tony Iommi wa Black Sabbath, kijana wa Birmingham aliyepiga gitaa kwa mkono wa kushoto, alikatwa na mashine ya kiwandani ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia akiwa na umri wa miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvika vidole hivyo, na kufikia albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971 alikuwa anazilegeza nyuzi ili zisimsumbue, na ndipo gitaa likashuka na kuwa zito namna ile. Mwambie mjukuu akuwekee albamu hiyo, kisha akuwekee Heaven and Hell ya mwaka 1980, iliyoimbwa na Ronnie James Dio baada ya mwimbaji wa awali wa bendi hiyo, Ozzy Osbourne, kuondolewa, na umwangalie usoni kama anaisikiliza au anaivumilia. Mkishamaliza, naye akae hadi mwisho wa wimbo mmoja wa taarabu wa dakika kumi na mbili, bila kushika simu, halafu akueleze fidla iliingia lini.