Foleni ya Sinza na matawi manane

Tanga

Mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, goti limepoa tangu mvua zikatike, na mwembe wa uani umeanza kutoa maua.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: "Baba, kwa nini mgahawa unaopendwa na watu, wenye foleni mpaka barabarani, ukifungua matawi haraka unayumba? Chakula ni kilekile, jina ni lilelile. Kinachoharibika ni nini?" Kisha ukanieleza habari za yule mwekezaji anayetaka mtoke kwenye mgahawa wako mmoja wa Sinza, hapo Dar, mfike matawi manane ndani ya miezi kumi na minane, kuanzia Kigamboni mpaka Dodoma. Sikutaka kukujibu kwa simu. Jambo hili limewahi kuingia nyumbani kwetu, na nataka nilieleze kwa utulivu.

Nianze na kuku wa Marekani. Kisa hiki nilisomeshwa nilipokuwa najiandaa na mitihani ya uhasibu, na hakijanitoka kichwani.

Mwaka 1985, katika mji wa Newton, Massachusetts, wabia wawili walifungua duka la kuku wa kuzungushwa motoni, anayeuzwa pamoja na mboga na viazi vya kuponda kama vya nyumbani. Waliliita Boston Chicken. Watu walipanga foleni kama wanavyopanga kwako. Baadaye uongozi ulishikwa na watu waliotoka Blockbuster, kampuni ya kukodisha kanda za video, ambao kazi waliyoizoea ilikuwa kufungua maduka mengi kwa muda mfupi. Mwisho wa 1992 matawi yalikuwa 83. Mwisho wa 1994 yalikuwa 534. Miaka miwili baadaye yalipita 1,000. Hisa zilipouzwa kwa umma Novemba 1993, moja ilianza kwa dola 20 na siku hiyohiyo ikafunga soko ikiwa juu ya dola 48.

Sasa angalia fedha zilivyokuwa zikitembea. Matawi mengi hayakufunguliwa na kampuni yenyewe. Ilitafuta mbia mkubwa wa kila eneo, ikamkopesha sehemu kubwa ya fedha za kujengea, kisha ikamtoza ada kwa kila tawi analofungua, asilimia ya mauzo yake, na riba ya mkopo. Ada, asilimia na riba ziliandikwa kama mapato ya kampuni. Hasara za kuendesha matawi zilibaki kwenye vitabu vya wabia. Mwaka 1996 kampuni ilitangaza faida ya dola milioni 67 hivi. Mwaka huohuo wabia wake kwa pamoja walipata hasara ya zaidi ya dola milioni 150. Ukivilaza vitabu hivyo viwili juu ya meza moja, unaona wazi kwamba kuku hakuwa analipa. Kilichokuwa kinalipa ni ufunguzi. Na ada ya ufunguzi ilitoka kwenye mkopo uliotolewa na kampuni hiyohiyo, kwa hiyo ilikuwa fedha yake yenyewe iliyozunguka na kurudi nyumbani ikiwa na jina la mapato.

Mpango wa namna hiyo hauwezi kupunguza mwendo. Siku unayoacha kufungua, ada zinakauka na shimo linaonekana. Wakajaribu kuponi za punguzo, na wateja wa kuponi wakawa wanakuja siku ya kuponi tu. Wakaongeza bata mzinga, nyama ya nguruwe na sandwichi za mchana, na mwaka 1995 wakayaita maduka yao Boston Market, kwa sababu hayakuwa tena maduka ya kuku. Wakati huo maduka makubwa ya vyakula nayo yalikuwa yameanza kuuza kuku wa kuchoma. Oktoba 1998 kampuni ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Mwaka 2000 McDonald's iliinunua kwa fedha isiyofika dola milioni 200.

Nilipokisoma kisa hicho nilidhani ni mambo ya watu wa soko la hisa. Kumbe mimi mwenyewe nilikuja kukifanya, kwa kipimo cha daftari la kurasa mia.

Ulikuwa darasa la tano mama yako alipofungua Korogwe, tawi la pili la mgahawa wake wa hapa Tanga. Unaikumbuka foleni ya hapa mjini: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha. Madereva wa mabasi walikuwa wakimsihi afungue na kule stendi, wapate kula njiani. Tukafungua. Miezi mitatu ya kwanza viti havikutosha, tukaazima mabenchi ya jirani. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mchana nilikuwa kazini hotelini, jioni naandika daftari la mama yako, na kosa nililolifanya lilikuwa kujumlisha makusanyo ya Tanga na ya Korogwe katika ukurasa mmoja. Kila mwisho wa mwezi jumla ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka uliotangulia, nami nikaridhika, mtu niliyesomea kazi hiyo.

Mwezi wa kumi na nne tukakosa karo yako. Usiku ule ndipo nilipokaa nikatenganisha, tarehe kwa tarehe, mpaka alfajiri. Korogwe ilikuwa inakula faida ya Tanga tangu mwezi wa tano. Na wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumelipa kodi ya mwaka mzima ya chumba cha Muheza, tawi la tatu, kwa fedha za wateja wa harusi waliolipa mapema. Fedha ya chakula ambacho hakijapikwa tulikuwa tumeigeuza kuwa chumba kitupu. Zile harusi mama yako alizipika kwa kukopa mchele. Uliniuliza wakati ule kwa nini cherehani ya bibi yako imeuzwa, nikakwambia imeharibika. Haikuwa imeharibika.

Upande wa jikoni nilikuja kuuelewa baadaye, mama yako aliponieleza. Korogwe alimpeleka mpishi wake bora, kwa hiyo Tanga ikabaki na wasaidizi, na wateja wa hapa wakawa wa kwanza kusema chakula kimebadilika. Huku tui lilikamuliwa asubuhi na likakamuliwa tena mchana. Kule lilikamuliwa lote alfajiri ili kuwahi mabasi, na kufika saa saba lilikuwa limeanza kuchacha. Zaidi ya yote, mama yako alikuwa anaonja kila sufuria kabla haijatoka jikoni. Hakuna mahali tulipoandika kwamba hiyo ni kazi. Haikuwa na mshahara wala jina, kwa hiyo tulipofungua tawi la pili hatukuajiri mtu wa kuifanya.

Ndiyo maana swali lako, "chakula ni kilekile", mimi naliona kama mahali penyewe pa ugonjwa. Mgahawa wa kwanza unabebwa na kazi nyingi ambazo mwenyewe anazifanya bila kujua kuwa ni kazi. Foleni yako inathibitisha kwamba Sinza, ukiwa umesimama hapo kaunta, inafanya kazi. Haijathibitisha kitu kingine.

Hata kampuni kubwa zinapotea hapohapo. Februari 2007 Howard Schultz, mwenyekiti wa Starbucks, kampuni ya Marekani ya migahawa ya kahawa, aliwaandikia viongozi wenzake waraka wa kusikitika. Ndani ya miaka kumi matawi yalikuwa yametoka chini ya 1,000 mpaka 13,000. Walikuwa wameleta mashine za kujiendesha ili huduma iwe ya haraka, lakini mashine zilikuwa ndefu kiasi kwamba mteja hakumwona tena anayemtengenezea kahawa. Kahawa ilikuwa imeanza kuletwa kwenye pakiti zilizofungwa vizuri isichakae, na harufu ya kahawa ikatoweka dukani. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ulikuwa na sababu nzuri. Hilo ndilo linalonitisha. Januari 2008 alirudi kuwa mtendaji mkuu, na tarehe 26 Februari akafunga matawi 7,100 ya Marekani kwa saa kama tatu jioni moja ili wafanyakazi wafundishwe upya kutengeneza kahawa. Julai wakatangaza kufunga matawi 600 nchini humo, na takriban asilimia 70 ya hayo yalikuwa hayajatimiza hata miaka mitatu. Australia walifunga 61, mengi kuliko waliyoyabakiza. Starbucks ilipona kwa sababu matawi ya zamani yalikuwa na nguvu ya kulipia makosa ya matawi mapya. Wewe una moja.

Hesabu ya tawi jipya ni hii, chukua karatasi. Tuseme linauza shilingi milioni 20 kwa mwezi. Nusu, milioni 10, ni mchele, kuku, mafuta, gesi. Kodi ya pango, mishahara, umeme wa LUKU, usafi na ushuru ni milioni 8. Unabakiwa na milioni 2. Sasa upya umeisha, mauzo yanashuka kwa sehemu moja ya tano tu, yanakuwa milioni 16. Vyakula vinashuka mpaka milioni 8, lakini zile milioni 8 nyingine hazishuki, kwa maana mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa sababu mabenchi yako yamepungua watu. Unabakiwa na sifuri. Kwa macho mgahawa bado umejaa, watu wanne kati ya watano bado wapo. Na kwa Dar, ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, ukigundua mwezi wa tano umeshalipa mpaka wa kumi na mbili.

Ugavi nao ni habari yake. KFC, ile kampuni ya kuku wa kukaanga, ilifika Kenya 2011, na Januari 2022 ikaishiwa chipsi, kwa sababu viazi vilikuwa vinatoka ng'ambo na meli zikachelewa. Wakenya walikasirika, na wana haki, kaunti yao ya Nyandarua imejaa viazi. Lakini mwenye matawi mengi hawezi kutoka asubuhi akanunua gunia lolote sokoni, maana viazi vya kila tawi lazima vilingane, na mkulima lazima awe amekaguliwa kabla. Wewe leo kuku wakikosekana kwa muuzaji wako unamtuma kijana sokoni Kisutu, saa nne wako jikoni. Ukiwa na matawi manane, kuku wakikosekana wanakosekana kwa manane.

Nirudi kwa mwekezaji wako. Katika ujumbe wako kuna mstari umeuandika haraka, mimi nikausimamia. Umesema atachukua "ada ya usimamizi kwa kila tawi likifunguliwa, halafu asilimia sita ya mauzo". Usome tena mstari huo ukimkumbuka kuku wa Newton. Ada analipwa tawi likifunguliwa, liwe zuri liwe baya. Asilimia anachukua kwenye mauzo, kwa hiyo hata katika ule mwezi wa sifuri yeye ana karibu shilingi milioni moja, na itakayomlipa ni Sinza. Simwiti mtu mbaya, simjui. Nasema ameupanga mkataba ambao yeye anafaidika na wingi wa matawi, na wewe unaishi kwa ubora wa kila tawi. Mwambie achukue sehemu ya faida, ihesabiwe tawi kwa tawi baada ya mwaka mmoja, na ada ya ufunguzi ifutwe. Atakachojibu kitakuonyesha anatarajia nini kwenye hayo matawi.

Wala sikwambii ukatae kukua. Mama yako amekasirika nilipotaka kuandika hivyo, amesema usichoke kwa sababu sisi tulichoka. Fungua moja, mahali ambapo unaweza kufika kwa daladala asubuhi na ukarudi Sinza kabla ya chakula cha mchana. Kabla hujalifungua, kaa nje ya Sinza miezi mitatu kamili, usiingie jikoni, na mtu mwingine aonje. Mpe jina la kazi hiyo na mshahara wake. Kama foleni bado ipo mwezi wa nne, unacho kitu cha kupeleka kwingine.

Fedha za tawi jipya ziwe na akaunti yake na daftari lake. Shilingi ikitoka Sinza kwenda huko iandikwe kuwa ni mkopo, yenye tarehe, hata kama wewe ndiye unayejikopesha.

Nitapanda basi la Ijumaa asubuhi. Niandalie vitabu vya Sinza vya miezi kumi na miwili, risiti za EFD, ile mashine ya kodi, na daftari la stoo, na uandike humo mshahara wako mwenyewe, maana najua hujilipi, na bila huo hatujui kama hata Sinza inapata faida. Usisaini kitu mpaka tukae. Mama yako atanipa nazi za kukuletea, na anakuuliza swali moja: siku mnafungua Dodoma, nani atakuwa anaonja sufuria za Sinza?

Baba yako