Mchaichai wangu ulinenepa, mafuta yakakimbia

Msimu wa kwanza nilipanda mchaichai chini ya michungwa. Kwetu Muheza kupata kipande kitupu si rahisi. Shamba lenyewe ni la marehemu babu, michungwa imelijaa, na nikajiambia nafasi ya katikati ya mistari inakaa bure. Jirani yangu alikuwa na urea iliyobaki kwenye mahindi, akanigawia. Nikaweka kisoda kimoja kwa kila shina, na baada ya wiki tatu nikarudia.

Shamba lilipendeza jamani. Majani mapana, kijani kimekolea, marefu ya kunifika kifuani. Nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la WhatsApp, pongezi zikamiminika. Nilipovuna nikakodi kirikuu mpaka kwa mzee mmoja anayepika mafuta kwa mvuke. Mzee akachomoa jani moja, akalisugua kati ya vidole, akanusa, akanusa tena.

"Mwanangu, hiki chakula cha ng'ombe."

Tukapika hivyo hivyo, maana mzigo ulishafika. Kilo 60 za majani, na mafuta yaliyoelea juu ya maji hayakufika robo ya chupa ya nusu lita. Akaniuliza kama sina mengine. Nilikuwa nayo: mashina kama 40 kando ya njia, kwenye jua kali, ambayo urea iliniishia kabla sijayafikia. Yalikuwa mafupi, yamepauka, nilikuwa nayaonea aibu. Wiki iliyofuata nikampelekea. Majani yake hayakutimia kilo 20, na mafuta yakatoka karibu sawa na yale ya kirikuu kizima.

Kwa kawaida mchaichai mbichi hutoa mafuta kati ya asilimia 0.2 na 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo ukiteleza kidogo tu unaanguka kutoka faida hadi hasara. Ukiuza majani kwa fungu sokoni huenda usione tofauti. Mnywaji wa chai ataiona.

Nilichokuja kuelewa ni hiki. Harufu ya mchaichai sehemu kubwa ni sitrali, na sitrali imejengwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni basi. Haina naitrojeni hata chembe. Kaboni hiyo mmea unaipata kwa kutengeneza sukari kwenye mwanga wa jua. Sasa ukiumwagia urea, ambayo asilimia 46 yake ni naitrojeni, mmea unaona neema imeshuka: sukari nyingi inakwenda kujenga majani mapya. Ukiupunguzia kidogo, kasi ya kukua inashuka kabla ya kasi ya kutengeneza sukari, na ile ziada ndiyo inayoingia kwenye mafuta. Mimi nilikuwa nimeunyima jua na kuushindilia naitrojeni kwa wakati mmoja. Makosa mawili, tena yanasaidiana. Na majani laini ya namna hiyo vidukari (wale wanaoitwa wadudu mafuta) wanayapenda mno. Mrehani wangu wa mwaka ule walimaliza ncha zote.

Kwenye mrehani na kivumbasi unaweza kuyaona haya kwa macho. Chukua kioo cha kukuzia, geuza jani, tazama upande wa chini juani. Kuna vitone vinavyong'aa kama jasho. Hivyo ni vifuko vya mafuta, vinakaa juu ya ngozi ya jani, ndiyo maana ukipita na kugusa kivumbasi kwa nguo tu unanukia. Jani lililokua juani huwa dogo na nene, vifuko vimesongamana. La kivulini ni pana na jembamba, na vifuko vimetawanyika. Mchaichai wenyewe unahifadhi mafuta ndani ya jani, haunukii mpaka uupondeponde. Bibi alikuwa akiufunga fundo kabla ya kuutia kwenye sufuria; nilidhani ni urembo.

Kivuli kizito hakipunguzi mafuta peke yake, kinabadilisha hata aina yake. Kwenye mrehani, kemikali za harufu ziitwazo linaloli na eujenoli hushuka, na nyingine iitwayo methili-eujenoli hupanda. Eujenoli ni ile ile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake, kwa hiyo pua yako itakwambia kabla ya maabara.

Kabla hujakimbilia kuacha mbolea kabisa, subiri. Hilo nalo nimelijaribu, kwa hasira. Mwaka wa pili sikuweka chochote. Ukiyaponda majani harufu ilifika hadi barabarani, ila yalikuwa machache kiasi kwamba nauli ya kuyapeleka ilizidi mafuta. Mmea wenye njaa sana hata sukari haitengenezi vizuri, unakuwa wa njano na mgumu. Unachohesabu ni mafuta ya shamba zima, si ya jani moja.

Siku hizi naweka samadi iliyooza vizuri wakati wa kupanda, debe moja kwa tuta la mita 4 hivi. Baada ya kila mkato narudishia urea nusu kisoda kwa shina, udongo ukiwa na unyevu, mara moja tu. Mwezi wa mwisho kabla ya kuvuna siweki kitu, hata mtu anibembeleze. Hicho ni kipimo cha udongo wangu. Wako unaweza kuwa na njaa ya kitu kingine kabisa. Sisi wa huku tuna bahati, watafiti wa kilimo wa TARI Mlingano wako wilayani kwetu na udongo ndiyo kazi yao. Gharama ya kupima iliniuma, lakini mifuko ya urea niliyopoteza iliniuma zaidi.

Mchaichai niliuhamishia juani, chini ya michungwa nikaweka tangawizi na manjano. Hizo zinavumilia kivuli chepesi, na kwenye joto letu majani yake yanaungua yakikaa wazi mchana kutwa. Msinielewe kwamba kila mmea wa dawa unataka kuchomwa na jua. Kwa wale wa Dar wanaopanda mrehani kwenye ndoo barazani: tafuta upande unaopata jua kwa muda wa angalau saa 6 kwa siku. Ndoo ikikaa ukumbini utapata majani ya kupamba tu, na kuongeza mbolea ili "iamke" ndiyo kuiharibu zaidi.

Kuvuna, mimi huwa nangoja siku mbili tatu za ukavu baada ya mvua, navuna asubuhi umande ukishakauka. Mrehani nakata unapoanza kutoa maua. Kisha hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu wameshasikia jua ni zuri: wanaanika majani juani, juu ya bati! Jua lililoyajenga mafuta ndilo litakaloyarusha hewani. Anika kivulini, kwenye chekecheke au mkeka ulioinuliwa, upepo upite juu na chini, mpaka jani livunjike ukilikunja.

Na mafuta yenyewe, ukishayapata, usiyatie kwenye chupa nyeupe ya maji na kuipanga dirishani ili wateja waione. Mimi nilifanya hivyo na ile robo chupa yangu ya kwanza. Baada ya miezi michache yalikuwa yamebadilika rangi, yananukia kama rangi ya mbao. Sasa natumia chupa za kioo za kahawia, nazijaza hadi shingoni, naziweka kabatini.