Barua kwa mwanangu: yule mpiga chapa wa Philadelphia

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu ilibidi nitoke barazani, maana mama yako alikuwa anakaanga dagaa na sikusikia kitu. Unasema ulipita kwenye makaburi ya Christ Church, kona ya Arch na mtaa wa 5, ukakuta watu wanarusha senti kutoka nje ya uzio ziangukie juu ya jiwe bapa. Ukasoma: Benjamin na Deborah Franklin, 1790. Ukamkumbuka baba yako. Kisha dada aliyekuwa akiwatembeza wageni akasema mzee huyo alimiliki watumwa. Swali lako nimeliandika kwenye karatasi hapa mbele yangu ili nisilikwepe: "Baba, ulijua? Na kama ulijua, unamheshimu kwa lipi?"

Nilijua. Tangu mwanzo hapana, lakini nilijua kabla wewe hujaingia sekondari, na bado nikaendelea kuwasimulia habari ya mikate.

Mnaikumbuka. Kijana wa miaka 17, mwaka 1723, amemtoroka kaka yake huko Boston, anashuka Philadelphia na nguo za kazi zilizochafuka kwa safari. Anaingia kwa mwoka mikate, anaomba ya peni tatu, anapewa mitatu mikubwa kuliko alivyotarajia. Mifuko imejaa mashati na soksi, kwa hiyo mmoja anaubana kwapa hili, wa pili kwapa lile, wa tatu anautafuna akikatiza mtaa. Msichana amesimama mlangoni kwao anamtazama, anaona kituko kinapita. Msichana huyo ndiye Deborah unayelikuta jina lake kwenye jiwe. Nikifika hapo kaka yako alikuwa anachukua mito ya kwenye makochi, anaibana kwapani na kuzunguka sebule nzima, na wewe unacheka mpaka unapaliwa.

Niliipenda hadithi hiyo kwa sababu zangu. Nilianza kazi ya chapa na miaka kumi na sita, napanga herufi za risasi moja moja, zimegeuka kama kwenye kioo, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Ukichanganya b na d unapigwa kofi la kisogo. Fundi wangu alikuwa na kitabu kilichochanika jalada, maisha ya Franklin aliyoyaandika mwenyewe, akaniambia, "Soma, huyu ni mwenzetu." Nilikisoma na kamusi pembeni, ukurasa kwa wiki. Baba yake alikuwa mtengeneza mishumaa na sabuni mwenye watoto 17. Shule hakumaliza hata miaka miwili. Akiwa na miaka 12 akawekwa kwa kaka yake James ajifunze uchapaji, na alipofika 16 akawa anaandika makala za gazeti la kaka yake kwa jina la mjane wa kubuni, anazipenyeza usiku chini ya mlango, asubuhi anasikia wakubwa wakizisifu. Mimi wa miaka kumi na sita nilikuwa naosha roli za wino. Unaweza kufikiria.

Umeuliza pia amefikaje kwenye noti ya dola mia na hakuwahi kuwa rais. Hilo ni jepesi. Ndiye peke yake aliyetia saini karatasi zote nne zilizoijenga nchi hiyo: Tangazo la Uhuru la 1776, mkataba wa urafiki na Ufaransa wa 1778, mkataba wa amani na Uingereza wa 1783, na Katiba ya 1787, alipokuwa na miaka 81. Bila fedha na manowari za Ufaransa uasi ule ungezimwa, na aliyekwenda kuzibembeleza Paris ni yeye. Umeme, kishada, vyuma vya kukinga radi, hayo mlifundishwa shuleni. Ambalo halifundishwi ni kwamba noti alikuwa anazichapa mwenyewe. Alichukua jani la mti, jani kweli, akapata alama ya mishipa yake kwenye risasi, akaipiga nyuma ya noti za Pennsylvania. Mishipa ya jani haifanani na ya jani jingine, na mghushi hawezi kuichonga kwa mkono. Wosia wake unaanza kwa jina, mji, halafu: mpiga chapa. Ubalozi unafuata baadaye. Mstari huo niliwahi kuubandika juu ya mashine.

Sasa swali lako.

Alikuwa nao watumwa nyumbani, kwa miaka mingi. Majina ya baadhi yao yanajulikana: Peter, Jemima, King, Othello, George. Na nje ya nyumba kulikuwa na gazeti lake, Pennsylvania Gazette, alilolichukua mwaka 1729. Lilitangaza watumwa wanaouzwa na watumwa waliotoroka, katikati ya matangazo ya sabuni na vitabu. Mengine hayakutaja muuzaji. Yaliishia kwa kusema aulizwe mpiga chapa. Maana yake mnunuzi anakuja dukani, na mzee wangu anafuta mikono wino, anampeleka kwa mwenye mali. Hapo ndipo mimi nilipokwama. Kutangaza ni kazi, utasema. Kuulizwa wewe ni jambo jingine. Halafu mwaka 1737 mtu mmoja wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker, Benjamin Lay, mfupi, mwenye kibiongo, mkali kama pilipili, akaleta kitabu cha kuwalaani wote wenye watumwa. Franklin alikichapa, ila jina la kiwanda chake hakuliweka. Yaani kwenye kitabu alijificha, kwenye tangazo la mtu anayeuzwa akasema njooni mniulize.

Usidhani namwonea. Mwaka mmoja, wewe ukiwa mdogo, walikuja kwangu watu wa upatu, wale wa leta laki uvune laki tatu. Walitaka vitabu vya stakabadhi elfu mbili, karatasi nzuri, rangi mbili, pesa mkononi. Nilijua ni nini. Nilimwambia mama yako, kazi yangu ni kuchapa, sikuwaambia watu wapeleke fedha zao. Miezi mitano baadaye ofisi ikafungwa usiku, na jirani mmoja akaja na stakabadhi yake, akaigeuza, akaniwekea kidole pale chini kwenye maandishi madogo: jina la kiwanda changu. Hakusema kitu. Shangazi yako mkubwa naye alikuwemo. Ada yako ya muhula ule ilitoka kwenye kazi ile, na sijawahi kukuambia.

Kwa hiyo nikimwangalia Franklin naangalia alifanya nini baada ya hapo. Alichelewa mno. Mwaka 1757 alikwenda London na Peter na King. King akatoroka. Alipopatikana alikuwa Suffolk kwa bibi mmoja aliyekuwa anamfundisha kusoma, kuandika, na kupiga fidla na tarumbeta. Franklin alimwandikia mkewe habari hiyo bila ghadhabu, kama mtu anayeeleza jambo lililomshangaza. Mwaka 1763 alitembelea shule ya watoto weusi ya Philadelphia, na akaandika kwamba ametoka na fikra za juu zaidi kuhusu akili za watu weusi kuliko alizokuwa nazo. Alikuwa na miaka 57. Mtu wa miaka 57, mwenye jina dunia nzima, anaandika kwamba alikuwa hajui. Sifa ni ndogo, lakini wenzake wengi hata hiyo hawana.

Mwaka 1787 akawa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania. Februari 1790 akatia saini ombi kwa Bunge la nchi mpya, likomeshe utumwa. Wabunge wa kusini walichemka. Mmoja wao, James Jackson wa Georgia, akatoa hotuba kwamba utumwa ni halali na una faida. Mzee alikuwa kitandani, mawe ya kibofu yanamtesa, akafanya alichokuwa anafanya na miaka 16: akabuni mtu. Akaandika gazetini hotuba ya Sidi Mehemet Ibrahim wa Algiers, anayetetea haki ya Waislamu kuwatumikisha Wakristo waliotekwa baharini. Nani atalima mashamba yetu kwenye jua hili? Tukiwaachia watakwenda wapi? Si wako vizuri zaidi hapa kuliko kwao? Hoja za Jackson zile zile, zimevalishwa kilemba. Nilipoisoma nilicheka peke yangu kiwandani, kisha nikanyamaza, maana sisi wa pwani hoja hizo zimo kwenye vinywa vya mababu zetu pia, wa upande huu na upande ule.

Bunge lilijibu kwamba halina mamlaka ya kugusa utumwa ndani ya majimbo. Tarehe 17 Aprili 1790 akafa, miaka 84. Wosia ulimtaka mkwewe amwachie huru mtumwa wake Bob, kama sharti la kusamehewa deni.

Basi namheshimu kwa hiyo miaka mitatu ya mwisho, na pia namdai. Sisi wachapaji tukikuta kosa kitabu kimeshatoka tunachomeka karatasi ya masahihisho. Wazungu wanaita errata, na Franklin alilitumia neno hilo kwa maisha yake: kumtoroka kaka yake ni errata, kutumia fedha ya mtu aliyemwamini ni errata, kumsahau Deborah alipokwenda London ujanani ni errata. Anazitaja moja moja. Watumwa hawamo kwenye orodha. Niliitafuta, nikarudia kuitafuta.

Na kuna mwingine hayumo. Kitabu kile kinaanza kwa maneno "Mwanangu mpendwa". Ni barua, aliyoianza 1771, kwa mwanawe William. Wewe unaifahamu picha ya kishada na mtoto mdogo pembeni. Mtoto yule alikuwa William, na mwaka ule wa 1752 alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, wachoraji ndio wamemfanya mtoto. Walikwenda pamoja London. Akawa gavana wa mfalme huko New Jersey. Vita vilipokuja baba akashika upande mmoja, mwana akabaki kwenye kiapo chake. Mwaka 1776 waasi wakamkamata. Mkewe akafa New York mwaka uliofuata, yeye yuko kizuizini Connecticut, ameomba ruhusa ya kwenda kumwona na hakupewa.

Mwaka 1784, amani imeshatiwa saini, William akamwandikia baba yake kuomba wapatane. Franklin alijibu kwamba hakuna kitu kilichowahi kumuumiza kama kuachwa uzeeni na mwanawe wa pekee, tena aliyechukua silaha dhidi yake. Mwaka 1785 walikutana Southampton siku chache, na shughuli kubwa ya siku hizo ikawa hesabu: William amuuzie mwanawe mashamba ya Amerika, kwa bei ya chini, na madeni yakatwe humo. Hawakuonana tena. Kwenye wosia alimwachia ardhi ya Nova Scotia na vitabu ambavyo tayari alikuwa navyo, akaeleza kwamba asishangae kutopata zaidi, kwa kuwa alijaribu kumnyang'anya baba yake mali hiyo. Wosia huo huo uliipa Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mji, zikopeshwe vijana mafundi kwa riba ya asilimia 5, miaka 200. Boston mwaka 1990 ilikuwa imevuka dola milioni 4. Aliwafikiria vijana ambao hawajazaliwa wa karne mbili mbele. Na alikwisha patana na mfalme wa Uingereza.

Ukurasa ule wa wosia kwa miaka mingi nilikuwa naupita haraka. Juzi nimeusoma polepole.

Unajua kwamba kaka yako aliiuza ile Heidelberg, mashine yangu ya kuchapia, kwa watu wa chuma chakavu, kwa kilo. Alinunua mashine za kompyuta. Nilisema maneno siku ile, barazani, majirani wanasikia. Herufi za risasi ukimaliza kazi unazirudisha kila moja kwenye kijumba chake. Zile nilizozitupa siku ile sijui zimelala wapi. Nasikia kiwanda kinakwenda vizuri. Mama yako ananiambia bila kuulizwa, akijifanya anazungumza na jirani.

Ukipita tena pale makaburini usitupe senti. Jiwe lilikuwa limepata ufa, na sarafu za wageni zikawa zinalitoboa. Mwaka 2016 ilibidi litengenezwe. Niambie tu kama uzio unakuruhusu kuona herufi vizuri, zimechongwa kwa mtindo gani, maana picha uliyotuma ina kivuli chako.

Na nitumie namba mpya ya kaka yako. Ile ya zamani nikipiga naambiwa haipatikani.

Baba yako