Maswali ya Gereji: Ekzosi Inayogonga Mawe

Barua nyingi za toleo hili zimeuliza kuhusu bomba la moshi la gari la porini. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wasioandika.

Nina Land Cruiser ya watalii, injini ya dizeli ya 1HZ, chesisi imerefushwa. Kila msimu ekzosi inabonyea katikati, usawa wa giaboksi. Fundi anataka kuchomelea bamba la milimita 6 chini ya bomba lenyewe. Nimruhusu? – Dereva, Karatu

Usimruhusu. Bomba la moshi halijatulia kama chesisi. Injini imekalia raba. Ukipiga resi inajipinda, na bomba linaifuata. Tena likipata moto linarefuka: bomba la chuma cha kawaida lenye urefu wa mita 2.5, joto likipanda kwa nyuzi 300, huongezeka karibu milimita 9. Ukilibebesha bamba zito, uzito wote unaning'inia kwenye raba na flenji (kiungo cha bolti kati ya vipande vya bomba), na kila tuta linapiga nyundo palepale. Safari hii halitabonyea. Litapasuka shingoni, pembeni mwa mshono wa kuchomelea, au litavunja bolti za manifoldi (chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda), na bolti iliyokatikia ndani ya kichwa cha silinda inaweza kukulaza gereji.

Kinga ya kwanza ya ekzosi ni kuipandisha. Egesha gari mahali tambarare, lala chini, shikilia ubao ulionyooka kutoka reli moja ya chesisi hadi nyingine. Chochote kinachochungulia chini ya ubao ndicho kitakachokutana na jiwe kwanza. Kitie chaki. Kwa kawaida utakuta vitu vitatu: flenji, sailensa, na kona ya bomba inayopita chini ya propela, yaani shafti inayozungusha ekseli.

Flenji ya bolti mbili mara nyingi imefungwa bolti moja juu, nyingine chini. Izungushe masikio yake yalale kushoto na kulia, kisha kata mikia ya bolti iliyozidi nati. Sailensa ya duara ibadilishe kwa bapa, uilaze juu kati ya reli ya chesisi na propela. Acha nafasi ya milimita 25 kwa kitu kisichotembea, 40 kwa propela, na zaidi ya 50 kwa mipira ya breki na bomba la mafuta. Ikishindikana, weka bati katikati. Usipime gari likiwa limesimama tu. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki mpaka springi ibanwe kabisa na upande wa pili uning'inie, ndipo uangalie ekseli inakaribia wapi.

Pale kwenye kona ambapo bomba halina pa kupanda, lifanye bapa kwa makusudi. Watu huogopa kwamba bomba bapa linaikaba injini. Hesabu inasema vingine: bomba la inchi 2.5, yaani milimita 63, likibanwa taratibu mpaka kimo kiwe nusu, hupanuka pembeni na hupoteza takriban robo tu ya nafasi ya moshi, nawe umejipatia milimita 30 za kupita juu ya jiwe. Likibanwa mpaka robo ya kimo, hapo limepoteza zaidi ya nusu na gari litaanza kuchoka mlimani. Tofautisha hilo na pigo la jiwe: jiwe hukunja ukuta wa bomba kuingia ndani, na bonyeo hilo hula nafasi kuliko linavyoonekana kwa nje. Kipande cha namna hiyo kikate, weka kipya.

Baada ya hayo ndiyo ufikirie bamba, nalo lifungwe kwenye chesisi na nguzo zake za kukingama, lisiguse bomba mahali popote. Chuma cha milimita 4 au alumini ya 6 inatosha. Pinda ukingo wa mbele kwenda juu ili liteleze, na wa nyuma vilevile, kwa kuwa gari hurudi nyuma pia. Ukitumia mabamba mawili, mkia wa bamba la mbele ukae chini ya ukingo wa bamba la nyuma, ili jiwe lipite bila kupata pa kushika. Vichwa vya bolti vizame ndani ya bamba. Kichwa kilichojitokeza husagwa na mawe, na siku ya kufungua spana haina pa kukamata. Toboa matundu ya kutolea matope.

Wakati wa kuchomelea, ondoa waya hasi wa betri. 1HZ haina kompyuta ya kupimia mafuta, lakini diodi za alteneta hazipendi umeme huo. Bano la ardhi la mashine ya kuchomelea likae karibu na mshono. Bomba lishikwe kwa nukta tatu tatu likiwa garini, limening'inia kwenye raba zake zote, kisha lishushwe na kumaliziwa mezani. Fundi anayemalizia mshono wote chini ya gari huacha upande wa juu haujashika, nako ndiko moshi utakakotokea.

Tukipita kwenye majani marefu Serengeti nasikia harufu ya kuungua. Nimeshaweka mabamba ya kinga chini. – Dereva, Mugumu

Huenda mabamba yenyewe ndiyo yanayokusanya majani. Mbegu na mabua huingia kwa mbele, hukaa juu ya bamba, hukauka kwa joto la bomba, na harufu ya kwanza huwa kama ya shamba linalochomwa, kabla moshi haujaonekana. Ukiisikia, usiegeshe majanini. Tafuta udongo mtupu, zima injini, toa majani kwa ndoano ya waya mnene kuanzia karibu na manifoldi kurudi nyuma. Kizimamoto kiwe mkononi, kwa kuwa kuchokonoa huingiza hewa. Usimwagie maji manifoldi iliyo moto. Chuma cha kusubu hupasuka kikipoa ghafla.

Msimu wa majani makavu kagua kila baada ya saa moja au mbili za njia mbaya, na toboa dirisha kwenye bamba lenye ukubwa wa kupitisha mkono. Magari ya dizeli mapya yenye kichujio cha masizi yanahitaji uangalifu zaidi: yanapojisafisha, joto ndani ya kichujio hufika nyuzi 600 au zaidi. Taa yake ikiwaka, fanya usafishaji barabarani, usisubiri ukiwa katikati ya nyasi.

Ile tepu ya kitambaa ya kuvalisha bomba hatuipendekezi kwa gari la matope. Hunyonya maji, huyashikilia, na bomba huoza bila wewe kuliona. Bati jembamba lililoachwa milimita 15 mbali na bomba linafanya kazi nzuri zaidi.

Nikivuka mto, maji yakifunika mdomo wa ekzosi, injini itakufa? – Msomaji, Ifakara

Haitakufa kwa sababu hiyo, maadamu inawaka. Mdomo ukiwa sentimita 50 chini ya maji, injini inasukuma kinyume cha kilopaskali 5 tu, na hiyo inaimudu. Kinachoua injini ni maji yanayoingia kwa njia ya hewa. Ndiyo maana snokeli (bomba la kuvutia hewa kutoka juu) iliyofungwa vizuri ina maana kuliko ekzosi iliyopandishwa. Ingia na gia ya kwanza au ya pili ya low (gia nzito za 4x4), resi iwe moja, usikanyage klachi katikati ya maji.

Shida huanza injini ikizima mle ndani. Hakuna tena kinachosukuma, maji yanapanda ndani ya bomba, na valvu za moshi zilizobaki wazi zinaweza kuyapokea. Hewa inabanwa, maji hayabanwi: ukiwasha, konrodi, yaani mkono wa pistoni, inapinda. Kwa hiyo usiwashe, na usiwashe kwa kuvutwa. Gari livutwe litoke likiwa kwenye neutral, lisimamishwe pua juu mkia chini. Legeza flenji iliyo chini kabisa, maji yamwagike. Fungua plagi za hita (kwa petroli, plagi za moto), zungusha injini kwa sekunde kumi, na kaa mbali na matundu. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, gari halifiki nyumbani kwa nguvu zake.

Na kabla ya kuingia mtoni, subiri dakika kadhaa ekzosi ipoe. Sega la katalisti (kifaa cha kusafisha moshi) la magari ya petroli ni udongo wa kauri. Likiwa jekundu na likamwagiwa maji, hupasuka, na vipande vyake huziba sailensa. Ukisikia kitu kinacheza kama kokoto ndani ya kopo, ujue ndilo hilo. Muda huohuo wa kusubiri unaisaidia difu (kasha la gia kwenye ekseli), ambayo ikipoa ghafla hunyonya maji kupitia tundu lake la kupumulia.

Nimeona magari ya Rhino Charge. Nataka bomba langu litokee juu ya paa. – Msomaji, Nakuru

Yale ni magari ya mashindano, yametengenezwa kwa ajili ya mabonde na mawe, na mengi hayana hata vioo. Kwa gari la familia bomba la juu huingiza mvua, huunguza mkono wa mtoto, na hupitisha joto kandokando ya mlango. Kwa gari la utalii lenye paa la kuinuka ni hatari kabisa: abiria wamesimama, vichwa nje, na moshi unatoka usawa wa pua zao. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu.

Kama mdomo wa nyuma unagongwa kila unapopanda ukingo, utoe ubavuni, nyuma ya gurudumu la nyuma, uchomoze kidogo nje ya bodi, ukatwe mshazari kutazama nje. Usiuelekeze chini. Utapuliza vumbi, na vumbi hilo litaingia kwenye buti lako kabla ya kumfikia aliye nyuma yako.

Bomba la inchi 3 litanipunguzia mafuta kwenye 1HZ isiyo na turbo? – Msomaji, Mbeya

Hapana. Inchi 2.5 inaitosha. Inchi 3 ni ya aliyefunga turbo, na kwa gari la porini ni milimita 13 zaidi za kugongwa. Fedha hiyo ipeleke kwenye nozeli na chujio la hewa. Ukiwa unatengeneza bomba jipya, jali kona zaidi: kona iliyopindwa ikakunjamana ndani huikaba injini kuliko tofauti ya nusu inchi. Fundi anayepinda kwa kujaza mchanga ahakikishe mchanga ni mkavu kabisa. Wenye unyevu ukipashwa moto huku ncha zimezibwa, mvuke hulipua kizibo.

Sailensa hazidumu mwaka mmoja huku. Niweke isiyoshika kutu? – Mwenye RAV4, Tanga

Chumvi ya bahari ina sehemu yake, lakini sailensa nyingi huoza kuanzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Safari ndefu huyakausha. Safari za kwenda sokoni na kurudi huyaacha yametuama na tindikali yake. Toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya sailensa, upande wa nyuma. Litatoa mlio mdogo sana. Osha chini ya gari kwa maji baridi kila unapotoka ufukweni.

Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 kinafaa pwani, ila hurefuka kwa joto karibu nusu zaidi ya chuma cha kawaida, hivyo usikifunge bila kiungo cha fleksi karibu na injini. Kukiunganisha na chuma cha kawaida, fundi atumie rodi za 309L. Rodi za kawaida huacha mshono unaoshika kutu na kupasuka.

Bomba likikatika mbali na gereji? – Dereva wa lori dogo la 4x4, Lodwar

Kwanza angalia ncha ipi imeshuka. Mdomo unaotazama mbele ukigusa ardhi hujichoma kama mkuki na unaweza kung'oa kila kitu. Ufunge juu kabla ya kusogeza gari hata mita moja. Tumia waya mweusi wa kufungia nondo, mizunguko miwili, na uache ucheze kidogo. Waya ulionyoshwa kabisa hukatika kabla ya jioni.

Kisha kopo la bati. Kata juu na chini, lipasue, lizungushe kwenye mkato mara mbili, likizidi sentimita 5 kila upande, mshono utazame juu. Ukiwa na dawa ya kuzibia ekzosi paka kabla ya kuvalisha, funga klipu za hosi mbili kila upande, acha injini ikiwaka taratibu dakika kumi ili ikauke. Rangi ya kopo itanuka kidogo mwanzoni.

Njia hiyo ni kwa mkato ulio nyuma ya turbo. Ukiwa kati ya manifoldi na turbo, usiendeshe. Moto huo unatosha kuyeyusha nyaya na mipira iliyo jirani. Na ikiwa moshi unavuja chini ya miguu yako, fungua vioo vya mbele, funga mlango wa nyuma, na mmoja wenu akianza kuumwa kichwa, simamisheni gari mshuke.